Mashahidi wa Gari la Maziwa

Jamani, juzi hapa Rubwera tuliangalia White Mischief ya Michael Radford (1987). Kisa ni cha kweli: Januari 1941 Lord Erroll alikutwa amepigwa risasi garini, nje kidogo ya Nairobi. Broughton, ambaye mkewe alikuwa hawara wa marehemu, akashtakiwa, akaachiwa. Mpaka leo hakuna aliyefungwa.

Picha tamu, siyo siri. Lakini Waafrika wake! Wengi ni watumishi tu, kazi yao kuhudumia na kunyamaza. Kwani walioikuta ile maiti saa tisa usiku si Waafrika wawili wa gari la maziwa? Mimi ningeanza na hao, na woga wao wa kwenda polisi.

Wewe unayeandika riwaya ya upelelezi, mpishi wako amesikia nini kule jikoni?