Mashine ya Geita Haikuwa na Kazi Coco Beach

Ile video ya kusaka dhahabu ufukweni kwa detekta mmeitazama, kwa hiyo sitaisimulia upya. Vijana wawili, mashine mbili, maji yamekupwa hadi miamba ya Coco Beach, Dar es Salaam, iko nje, na mbele yao kipande kirefu cha mchanga mbichi ambacho kwa mtafuta pete ndicho chenye mali. Mmoja ameshika Gold Monster 1000, ile ya 45 kHz wanayoijua vizuri wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya. Mwenzake ana Excalibur kuukuu, koili imechubuka, hedifoni zimefungwafungwa kwa gundi ya karatasi. Wakagawana kazi. Gold Monster ikashuka kwenye mchanga wa maji, Excalibur ikabaki juu kwenye mchanga mkavu, jirani na vibanda vya mihogo.

Mgawo ule ulikuwa kinyume, na uliiua siku nzima. Ile kauli ya mwisho iliyosambaa kila mahali, kwamba Coco hakuna dhahabu, ilikwisha kuandikwa pale walipopeana mashine.

Niwape haki yao upesi: walichagua siku ya bamvua, walitembea kwa mistari iliyopishana kidogo, na kila shimo walilifukia.

Sasa turudi kwenye dakika yenyewe, maana naona wengi mmeipita haraka. Kijana anavuka mstari wa mwani. Juu, kwenye mchanga mkavu, mashine ilikuwa imetulia kabisa. Hatua nne tano chini inaanza kulia, kwanza kwa vipande, kisha mfululizo, na kila wimbi linaporudi inapiga yowe. Mwenzake anamuuliza kulikoni. Anajibu, “Chumvi tu hii, ngoja niishushe.” Anatoka Auto+ anakwenda Auto. Kelele ziko palepale. Anaingia kwenye usikivu wa mkono, 7, kisha 5, anateremka hadi 2, na hapo mashine inanyamaza. Anaitazama kamera, anatabasamu, anaendelea na kazi.

Lile tabasamu ndilo lililonifanya niandike. Alidhani ameitibu mashine, kumbe ameiziba masikio. Kwenye usikivu wa 2, juu ya mchanga uliolowa chumvi, utaipata sarafu iliyolala juujuu ambayo hata mtoto angeiona kwa macho. Pete iliyokaa chini kiasi cha kiganja, iliyolala humo msimu mzima wa kusi, itapitwa na koili mara kumi bila mlio. Halafu mtu huyohuyo anatangaza kwamba ufukwe ni mtupu!

Kwa nini ililia? Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mto kwa mbali sana, na mchanga ulioloa chumvi hufanya vivyo hivyo. Koili inapotuma masafa yake, mkondo unaamka ndani ya maji yenyewe, na mashine inausikia kama inavyosikia chuma. Kadiri masafa yanavyopanda, sauti ya chumvi inakua. Na 45 kHz haikuchaguliwa kwa bahati. Waliounda mashine ile walikuwa wanaifuata chembe ya dhahabu isiyofika gramu moja, kitu kidogo kinachopoteza mkondo wake upesi mno hata masafa ya chini yasikione. Chumvi nayo hupoteza mkondo upesi. Kwa mashine ya namna hii, chembe ya Geita na beseni la maji ya bahari wanakaa mtaa mmoja, nyumba kwa nyumba. Ukiifukuza chumvi umemfukuza na jirani yake.

Wapo watakaosema: si inajisawazisha na ardhi yenyewe? Ndiyo, inajisawazisha, na huko Chunya inafanya kazi hiyo kwa heshima kabisa, kwa sababu ardhi ya Chunya imetulia. Ufukweni wimbi linakuja, koili inazama nusu, wimbi linaondoka, koili inabaki juu ya mchanga unaochuruzika. Mashine ikimaliza kuizoea hali moja, hali imekwisha kugeuka. Tena yenye masafa mamoja haina la kulinganisha nalo. Ikisawazishwa na madini ya mchanga, chumvi inabaki. Ikisawazishwa na chumvi, madini yanarudi. Bahati yao mchanga wa Coco hauna madini mengi ya kusumbua. Wangekuwa Malindi au Mambrui, kwenye mchanga mweusi unaoletwa na mto Sabaki, mashine isingekubali hata kunyamazishwa kwa usikivu wa 2. Na sijagusa habari ya kisanduku cha betri na vitufe, ambacho si cha kuzamishwa majini. Wimbi moja la kiunoni lingetosha kuifanya ile video iwe ya kuomba msaada wa fundi.

Jibu la kelele zile lilikuwa juu, mita thelathini hivi, kichwani kwa mwenzake.

Excalibur ni mashine ya miaka ya 1990. Haina kioo, haina namba, hedifoni zake zimeungwa moja kwa moja, na maelezo ya watengenezaji yanasema unaweza kuzama nayo hadi futi 200. Inatumia BBS, ule mfumo wa Bruce Candy wa Minelab, ambao kwa hesabu ya kampuni yenyewe hutuma masafa 17, kuanzia 1.5 hadi 25.5 kHz. Msibabaishwe na hesabu. Kilicho muhimu ni kwamba mashine inasikia jibu la chini na jibu la juu kwa pamoja. Chumvi inajibu kwa nguvu juu, kwa unyonge chini. Pete nene inajibu kote. Ukitoa moja kwenye jingine, chumvi inafutika na pete inabaki. Fisher walikuwa wakilifanya hilo na CZ zao kwa masafa mawili tu, 5 na 15 kHz, mwanzoni mwa miaka hiyohiyo. Mawili! Dave Johnson aliyezibuni hakuhitaji kioo cha rangi kumwonyesha mtu kuwa mchanga umelowa. Nimewahi kuisikiliza CZ kwenye mchanga wa maji, na ule utulivu wake sijausikia kwenye mashine nyingi za leo zenye bei mara tatu.

Najua mtaniambia napenda vya kale. Napenda. Lakini sikilizeni ile Excalibur kwenye video, ule mlio wake wa chini unaovuma muda wote. Ukipita juu ya msumari, mvumo unakatika. Ukipita juu ya pete, unapanda na kujaa taratibu. Mtu aliyefunzwa na mlio ule hachimbi kila kitu, wala haogopi kuchimba. Na inataka upungaji wa polepole. Kijana yule aliipunga kama anafyeka nyasi, kwa hiyo hata huko juu ilikokuwa haikupewa nafasi ya kusema.

Huko juu lilifanyika kosa la pili, dogo kuliko la kwanza, ila la ukoo uleule. Vizibo vya soda vilimchosha, akaongeza uchujaji hadi vishikio vya makopo visilie. Aluminiamu ya kishikio cha kopo na pete ya dhahabu ya wastani hujibu kwa namna inayokaribiana mno. Anayekataa kishikio amekataa na pete. Hili nimeliandika hapa hadi mhariri ananionea huruma, na bado kila Pasaka nakutana na mtu aliyechuja aluminiamu yote akisubiri dhahabu ijitambulishe.

Kubadilishana mashine na kushusha uchujaji kungeyaponya makosa yote mawili. Mchanga mkavu hauna maji ya kuunganisha chumvi, kwa hiyo 45 kHz inatulia. Pale vibandani, penye misumari na waya, kile kipimo chake cha kubashiri kama kitu ni chuma au la kingekuwa na kazi ya maana. Zaidi ya hapo, vitu vyembamba, kama kigingi cha hereni au mkufu wa pingili ndogo, ndivyo Excalibur isivyoviona vizuri. Nakiri hilo kwa shingo upande. Mkufu ni mgumu kwa kila detekta kwa sababu mashine inaona pingili mojamoja badala ya uzito wote, na masafa ya juu hapo yana faida ya kweli. Hoja hii wasomaji kadhaa wameitumia kumtetea kijana wa Gold Monster. Wana haki, lakini mkufu huo uko wapi? Ukidondoka juu, mbele ya kibanda, 45 kHz itaupata. Ukidondoka kwenye maji, 45 kHz iliyoshushwa hadi 2 haitaupata kamwe.

Tena tuulizane ni dhahabu gani inayopotea katika fukwe zetu. Dhahabu inayovaliwa Dar, Unguja na Mombasa kwa sehemu kubwa ni ya karati 21 na 22, ya Dubai, ya Muscat, ya sonara wa Kihindi. Pete za harusi, bangili, vidani vya kurithi. Dhahabu ikikaribia usafi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko ile ya karati 9 au 14 iliyochanganywa sana na madini mengine. Bangili ya karati 22 hujibu kwa nguvu kwenye masafa ya chini kabisa. Haihitaji 45 kHz hata kidogo. Mtu anapobeba mashine ya chembe za mwambani kwenda kutafuta bangili ya bibi harusi baharini, amejitwika adhabu ya chumvi bila faida yoyote mkononi.

Chanzo cha uamuzi wenyewe nakifahamu. Mashine zilizotumika zinashuka kutoka kanda ya ziwa kuja kuuzwa mjini, na muuzaji ana sentensi moja: hii imetoa dhahabu. Ni kweli, imetoa. Hakuulizwa imetoa kwenye ardhi gani. Mnunuzi akiuliza habari ya bahari anaambiwa koili haiingizi maji. Hapa ndipo ugomvi wangu wa siku nyingi unapofufuka. Kutopenya maji ni habari ya mpira na gundi. Kuvumilia chumvi ni habari ya masafa. Garrett AT Gold unaweza kuizamisha futi 10 bila wasiwasi, na bado ni ya masafa mamoja, 18 kHz, kwa hiyo kwenye chumvi itakusumbua ikiwa imezama salama salimini. Nokta walipoita mashine yao Anfibio Multi, wengi waliamini ni ya masafa mengi kwa wakati mmoja. Ilikuwa na 5, 14 na 20 kHz, unachagua moja. Masafa matatu ya kupokezana hayaifuti chumvi.

Kuna waliouliza kwa nini sisemi PI. Nasema. Mashine za mapigo, zile ambazo Mwingereza Eric Foster alizifanyia kazi miaka mingi kabla hazijawa fasheni, hutuma pigo, hunyamaza kidogo, kisha ndiyo husikiliza. Zikisubiri mikrosekunde 10 au zaidi, chumvi imekwisha kufa, na pete bado inasema. Kwa kina ndizo zinazoongoza, na kwa mchanga mweusi wa Malindi nisingepeleka kitu kingine. Lakini PI husikia misumari na vizibo kwa moyo uleule inaosikia dhahabu, na Coco baada ya sikukuu ni ghala la vizibo. Ukienda nayo pale, nenda na mgongo wa kuazima.

Mwenye fedha za leo ana nafasi nzuri kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Equinox 800 iliyotumika, XP Deus II, Legend ya Nokta, zote zinatuma masafa mengi kwa pamoja na ni nyepesi kwa mbali ukizilinganisha na Excalibur, ambayo huacha bega likiuma. Kwenye Equinox tumia Beach 1 kwenye mchanga mbichi, na Beach 2, inayotuma kwa nguvu ndogo zaidi, ukiingia majini penyewe. Ile hali yake ya Gold iacheni, nayo inaegemea masafa ya juu. Usikivu ukishalazimika kushuka chini ya nusu, simameni, msiendelee kupunga.

Na vijana wetu wakirudi Coco bamvua ijayo, hawahitaji kununua kitu. Wabadilishane, Excalibur ishuke, uchujaji uwe chini kabisa, na waanzie pale chini ya miamba ambapo kusi imekomba mchanga hadi tabaka gumu likaonekana. Walipita hapo kwenye video, dakika chache baada ya lile tabasamu, na mashine ilikuwa kwenye 2.