Riwaya haiko mbolea

Wengi kati yetu wahitimu tunasema riwaya ni mambo ya watu waliosomea lugha. Mtu wa agronomia asome ripoti, kazi itembee. Mi pia nilisema hivyo, mpaka nilipofika Walungu.

Nilieleza mama mmoja ang'oe mihogo yenye ugonjwa wa mozaiki, ile yenye majani ya kujikunja na madoa ya manjano, na asikate humo miti ya kupanda. Kila neno alijibu: "Ndiyo, agronome." Kisha wiki tatu nikarudi: hakung'oa hata shina moja. Nikaandika katika ripoti kwamba wakulima hawataki mabadiliko.

Mwaka ule ule rafiki aliniazima Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Shafi Adam Shafi wa Zanzibar, iliyotoka 1978. Ndani yake kuna Kijakazi, mtumishi katika shamba la mikarafuu mbele ya mapinduzi ya 1964. Bwana wake anamdharau. Yeye anamtumikia kwa moyo wote, anaona ndivyo dunia ilivyo. Kusema kweli, kitabu kina kasoro: Fuad amepakwa rangi moja tu, ubaya, na msomaji haachiwi kazi ya kumpima. Lakini Kijakazi ananisumbua mpaka leo. Kupitia yeye niliona kwamba "ndiyo" ya mtu wa chini mbele ya mkubwa inaweza kuficha mengi.

Nikaanza kujifunza Mashi polepole, watoto wakinicheka. Siku nilipomuuliza ule mama kwa lugha yake, akaniambia: kama ninang'oa yote leo, watoto watakula bugali gani mpaka msimu mwingine? Kumbe ilikuwa njaa, na mimi sikuwa nimeuliza. Tukapatana ang'oe sehemu kwa sehemu.

Sasa tusidanganyane. Mwaka 2013 Kidd na Castano waliandika katika jarida Science kwamba kusoma hadithi za fasihi, hata kidogo, kunasaidia mtu kutambua hisia za wengine. Mwaka 2016 wengine walirudilia jaribio, matokeo hayakuonekana. Mwaka 2013 pia, utafiti wa Hyderabad, Uhindi, juu ya watu 648 wenye ugonjwa wa kupoteza akili, ulionyesha kwamba wenye kusema lugha zaidi ya moja walianza kuugua miaka 4 na nusu nyuma ya wengine, hata kati ya wasiojua kusoma. Hapo kuna tumaini. Lakini sisi wa agronomia tunajua: vitu viwili vikitembea pamoja, haimaanishi kimoja kimezaa kingine.

Kwa hiyo riwaya haiko mbolea ya kumwaga kwa kichwa na kungoja mavuno. Mimi ilinisaidia siku nilipoifunga nikaenda kusikiliza mtu. Ile ripoti yangu ingali katika faili ya ofisi, jina langu liko chini. Ningependa kuiandika upya.