Usomaji wa Awali Kabla ya Hukumu: Uhakiki wa Kigezo cha Maadili katika Ukaguzi wa Vitabu vya Fasihi vya Shule Tanzania

Mjadala kuhusu udhibiti wa vitabu nchini Tanzania huanza, aghalabu, pale kitabu kinapopigwa marufuku. Sehemu hii inaanzia nyuma ya hapo: hatua ambayo kitabu kilichowasilishwa husomwa na wakaguzi kabla mamlaka haijatamka lolote.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, ilizuiwa kutumika shuleni, kisha baadaye ikarudi darasani ikiwa kitabu teule. Kisa ni kilekile. Mkaguzi anayeanzia kwenye kurasa zinazomwonyesha Rosa akiwa na wanaume hukuta uchafu. Anayeanzia kwa Zakaria, baba anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, hukuta onyo kwa wazazi. Zaidi ya hayo, miongoni mwa wanaomharibu Rosa yumo mkuu wa chuo chake, mtu aliyekabidhiwa malezi. Kigezo cha maadili kinachotumika kwa dondoo hakiwezi kuuona mnyororo huo wa sababu na matokeo, kwa kuwa dondoo haina sababu. Ina tukio tu. Ndiyo maana riwaya inayokemea huweza kuhukumiwa kuwa inachochea.

Kaptula la Marx ni suala jingine. Tamthilia hiyo, iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ilichapishwa mwaka 1999. Hapa linaloguswa ni Ujamaa, na mahali ambapo mchapishaji hupima upepo mapema, marufuku haihitajiki.

Filamu zina utaratibu ulio wazi zaidi. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kazi hukaguliwa na Bodi na kupangiwa daraja kwa umri wa watazamaji. Kitabu cha shule huombewa ithibati, kazi iliyokuwa ya EMAC hadi kamati hiyo ilipovunjwa mwaka 2013, na sasa ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Lakini marufuku ya vitabu 16 iliyotangazwa na Waziri Adolf Mkenda Februari 2023 haikujali daraja: vitabu vya Jeff Kinney vya Diary of a Wimpy Kid, vinavyosomwa na watoto, viliwekwa katika orodha moja na vitabu vya elimu ya jinsia kwa vijana. Kigezo kilikuwa mila na desturi, neno pana mno kuweza kupingwa.

Athari yake haiishii Dar es Salaam. Mwalimu wa Kiswahili wa Misugusugu, Kibaha, hupokea orodha, hapokei sababu. Hawezi kumweleza mwanafunzi kwa nini riwaya fulani inafaa, wala kumtetea mwandishi mbele ya mzazi aliyefungua ukurasa mmoja.

Inaweza kudaiwa kwamba usiri humlinda mkaguzi dhidi ya wachapishaji wenye fedha. Hoja hiyo ina uzito, hasa ikikumbukwa kwamba EMAC ilivunjwa kufuatia lawama bungeni juu ya ubora wa vitabu ilivyoviidhinisha. Hata hivyo, kinachohitaji kufichwa ni jina la mkaguzi, si taarifa yake. Taarifa inayotaja kurasa zilizotiliwa shaka, nafasi yake katika msuko na umri wa msomaji anayelindwa inaweza kumfikia mwandishi bila jina hilo.