Ubunifu Ulioishia kwenye Vifaa: Uhakiki wa Ufundishaji Shirikishi wa Kemia Dzaleka na Lilongwe

Mtaala wa sekondari ulioanza kutumika Malawi mwaka 2015 uliifanya Kemia kuwa somo linalojitegemea na kumtaka mwalimu amweke mwanafunzi katikati ya ujifunzaji. Awali, programu ya SMASSE, iliyoanza Kenya mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, ilikuwa imeieneza Malawi mbinu yenye nguzo nne: shughuli, mwanafunzi kuwa kitovu, majaribio na ubunifu. Makala haya yanahakiki nguzo ya nne. Hoja yake ni kwamba ubunifu umeishia kwenye vifaa, ilhali kifaa cha kwanza cha majadiliano ni lugha.

Ubunifu wa vifaa una manufaa yasiyopingika. Pasipo maabara, maji ya choya hutosha kutofautisha asidi ya limau na besi ya majivu. Hata hivyo, jaribio huwa somo pale tu wanafunzi wanapolijadili, na Sheria ya Elimu ya 2013 imeteua Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, huwakutanisha wanafunzi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wengi wao huunganishwa na Kiswahili. Kikundi kinachobanwa katika Kiingereza pekee huelekea kuwa hadhira ya mwanafunzi mmoja anayekimudu.

Chukua neno "kuyeyuka". Katika Kiswahili cha kila siku, barafu huyeyuka juani na sukari huyeyuka katika chai. Kichewa nacho husema "kusungunuka" kwa yote mawili. Kiingereza huyatenganisha. Mwanafunzi akikosea neno la Kiingereza, je, amekosa msamiati au dhana? Mwalimu wa Lilongwe anayezungumza Kichewa na wanafunzi wake anaweza kuuliza akajua. Mwalimu wa Dzaleka asiyejua Kiswahili hana njia hiyo. Hutoa alama bila kujua amepima nini.

Itapingwa kwamba mtihani wa taifa ni wa Kiingereza. Pingamizi hilo linahusu lugha ya jibu, si lugha ya kufikia jibu. Wizara ya Elimu inaweza kuelekeza kwamba majadiliano ya vikundi yafanyike kwa lugha ya wanafunzi na taarifa itolewe kwa Kiingereza, pamoja na faharasa fupi inayotenganisha "kuyeyuka" na "kumumunyika". Bila hatua hiyo, ushirikishi utabaki mpangilio wa madawati.