Ndoo Inayopiga Mbiu ya Viwavijeshi

Jamani wakulima wa mahindi, nimefunga mtego wangu wa kwanza wa harufu na siwezi kunyamaza! Kwa kuutazama ni ndoo nyeupe tu, faneli ya njano, mfuniko wa kijani. Lakini chini ya mfuniko hukaa kivutio, kipande kidogo cha mpira kilicholoweshwa harufu ya maabara inayoiga ile anayoitoa nondo jike wa kiwavijeshi vamizi usiku anapomwita dume. Pua zetu haziipati kabisa. Dume huipata, huifuata dhidi ya upepo, huzungukazunguka, hutumbukia kwenye faneli, na hatoki tena!

Asubuhi ya kwanza nilipofungua ndoo nilipiga ukelele. Madume walikuwa humo, na lile doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele likionekana waziwazi. Nikakimbilia kwenye mahindi: hakuna jani hata moja lililotoboka! Utamu wote uko hapo. Jike hutaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo mmoja, na penye joto huanguliwa baada ya siku mbili tatu. Viwavi wadogo huanza kwa kukwangua majani, kisha hujichimbia kwenye moyo wa mmea, na wakishazama humo dawa huwafikia kwa shida. Sisi tumezoea kuwagundua wakati huo. Mtego unakwambia nondo wamefika, siku zile za mwanzo ambazo bado una nafasi.

Na fikiria sayansi iliyomo! Mwaka 1959 Adolf Butenandt na wenzake, huko Ujerumani, walihitaji nondo wa hariri wapatao nusu milioni ili kupata miligramu chache za harufu ya aina hii, ya kwanza kutambuliwa. Leo inaning'inia shambani kwangu.

Wala Tanzania si mgeni wa mambo haya. Kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya Amerika, aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika kwetu 2017. Lakini miaka mingi kabla yake, wanavijiji wa Kilosa walikuwa wakitumia mtego na kipimamvua kutabiri viwavijeshi wa Afrika, na kuonyana wenyewe kwa wenyewe. Wanavijiji! Kila nikilifikiria hilo nasisimka. Angalia tu: viwavijeshi wa Afrika na hawa vamizi si mdudu mmoja, na kila mdudu ana kivutio chake, usinunue cha mwingine.

Kufunga ni rahisi. Tundika mtego kwenye mti mrefu, kama mita moja na nusu kutoka ardhini, kisha unaupandisha kadiri mahindi yanavyorefuka ili ukae sentimita 30 hivi juu yake. Kivutio kishike kwa glavu, na ukibadilishe kila baada ya wiki chache kama pakiti inavyoelekeza, maana jua hukichosha.

Lakini tuelewane: mtego huu unanasa madume peke yao, na wachache tu. Majike wanaendelea kutaga. Hesabu ikipanda usikimbilie bomba la dawa. Ingia shambani, funua majani, tafuta mayai na mikwaruzo, ndipo uamue.

Basi kikundi chenu kikikutana kabla ya kupanda, changeni mnunue mtego, hata mmoja. Mkabidhini mtu asiyechoka kuhesabu, na hesabu ya kila wiki ifike kwa afisa ugani na kwa majirani.