Mizani ya "Lau" katika Kitabu cha Imam Ghazali

Katika vitabu vya Imam Abu Hamid Al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111), Ihyaa inajulikana hata na wasiosoma. Al-Qistas al-Mustaqim, yaani Mizani Iliyonyooka, ni kijitabu kisichotajwa sana barazani. Nadhani kinachowakimbiza watu ni jina la elimu yake: mantiki. Ibnu Salah (aliyefariki 643 Hijria) alitoa fatwa ya kuiharamisha, na wengi wametosheka na fatwa wasitazame kilichomo.

Kitabu ni mabishano baina ya Ghazali na mtu wa Batiniya, anayedai kuwa haki haijulikani ila kwa imamu asiyekosea. Ghazali akamjibu kuwa mizani za kupimia maneno zimo katika Qur'ani, akamtolea tano. Tatu za mwanzo nazipita, kwani zinazochezewa zaidi midomoni mwa watu ni mbili za mwisho.

Ya nne ni mizani ya talazumu, yaani kulazimiana. Ameitoa katika aya ya 22 ya Suratul Anbiyaa, ambayo inakadiria lile wanalodai washirikina, kuwako miungu wengine mbinguni na ardhini, kisha inaonyesha linalolazimu: uharibifu. Uharibifu haupo, basi na miungu hao hawapo. Tazama uzuri wake! Mtu anaweza kulishika jambo asiloliamini hata chembe, akalifuata mpaka mwisho wake, akatoka na kweli. Kusema "lau" si kukiri.

Katika Al-Mustasfa amepiga mfano wa swala: swala ikiwa sahihi, mwenye kuswali ana tohara. Ukijua swala ni sahihi, tohara ipo. Ukijua tohara haipo, swala haikusihi. Lakini mtu akiwa na tohara huwezi kusema kwa hilo tu kuwa swala yake imesihi, huenda ameacha nguzo. Wala swala ikibatilika huwezi kusema hakuwa na udhu. Njia mbili zinatoa kitu, mbili hazitoi.

Kwa swala kila mtu anaelewa. Nenda sasa matangani. Mtu kafiwa na wanawe wawili, au kapooza, utasikia wanong'onao: "Mwenye kudhulumu hupatwa, huyu kapatwa, basi lipo alilolitenda." Hiyo ni ile njia isiyotoa kitu, hata tukikubali kuwa kila dhalimu hupatwa. Nabii Ayyub alipatwa kuliko huyo, naye alikuwa Nabii. Watu wamevunjiwa heshima, na mabinti wamekataliwa posa, kwa hoja ambayo mwanafunzi wa mantiki wa mwezi mmoja angeirudisha.

Hata hivyo ninalo la kumlaumu Imam. Anamwahidi mshindani wake kuwa atakayesikiliza mizani hizi ataondokewa na khitilafu. Hilo ni kubwa mno. Mizani huonyesha linalotoka katika kulazimiana kukishathibiti. Haikwambii kama kweli hili linalazimu lile. Taftazani (aliyefariki 793 Hijria), katika Sharhul Aqaid, alisema kuwa hoja ya aya hiyo hiyo ni ya kukinaisha, na kulazimiana kwake ni kwa ada. Wakatokea waliomshambulia vikali. Mimi sioni kuwa ameivunjia aya heshima: ada ya wafalme wawili katika nchi moja kila mtu anaijua. Lakini yeye na waliompinga hawakugombania umbo la hoja. Waligombania kiungo chake, na kiungo hicho ndicho Ghazali alichokipita mbio.

Ya tano, mizani ya taanudi, yaani kupingana, ni kama katika aya ya 24 ya Sura ya Saba: kundi moja liko katika uongofu na jingine katika upotofu. Ametia sharti kuwa mgawanyo uwe umekusanya yote, na sharti hiyo ilistahiki mlango mzima. Mzazi husema, "Ama mwalimu hajui kusomesha, ama mwanangu ni mzito." Kumbe mtoto haoni ubaoni! Wangapi wamechapwa bakora kwa "ama" mbili, na ya tatu ilikuwa machoni mwao?

Wanaolitaka somo hili waanze na Isaghuji ya Abhari, kisha waje kwenye Qistas wakiwa na mwalimu. Akisoma peke yake, mtu atatoka na majina ya mizani tano, na kuzitumia hajui.