Vibao vya Pembe na Daftari la Monticello

Mwenye bustani atakaye kuweka kumbukumbu za kazi yake hupambana na taabu ya kale, nayo ni kwamba saa ya kuona jambo si saa ya kuliandika, kwani alionapo huwa mikono imejaa udongo na umande haujakauka, na karatasi ikishapata maji hulegea na wino wake kutawanyika. Naye akisema angoje hata arudi barazani, tarehe na hesabu huwa zimekwisha kumponyoka. Njia aliyoifuata Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, katika shamba lake la Monticello huko Virginia, yastahili kuchunguzwa, si kwa cheo chake, bali kwa sababu alizitenga kazi mbili ambazo wengi wetu huzichanganya.

Mfukoni alichukua vibao vyembamba vya pembe ya ndovu, vilivyoshikwa pamoja kwa kijimsumari upande mmoja hata vikafunguka mfano wa upepeo, na juu yake akaandika kwa kalamu ya risasi. Pembe iliyosuguliwa vema hailegei kwa matone ya mvua kama karatasi, wala alama ya risasi haiyeyuki majini. Adui yake ni msuguo, maana kidole kibichi kikipita juu yake huifuta. Wako watakaoihesabu hiyo kuwa ila. Mimi naiona ndiyo fadhila ya chombo chenyewe. Madhali kibao ni kidogo na kesho kitatakiwa tena, mwenyewe hana budi kuyahamishia maandishi daftarini kabla ya kuyafuta, na katika kule kuhamisha ndiko habari hupangwa na kupimwa.

Daftari lenyewe la bustani alilianza tarehe 30 Machi 1766 kwa kuandika kuchanua kwa ua, akaendelea nalo, kwa kukatiza, hata mwaka 1824. Kurasa za awali ni masimulizi mafupi. Lakini mwaka 1809, alipokwisha kuacha urais na kurejea shambani, aliandaa jedwali lenye safu za mahali, siku ya kupanda, ya kupandikiza, ya mboga kufika mezani, ya kwisha kwake, na ya kuvunwa mbegu. Hapo ndipo ustadi wake ulipokamilika, kwa kuwa masimulizi huficha yaliyosahauliwa, ilhali katika jedwali safu tupu humshitaki mwandishi. Naye hakuona haya kuandika, tena na tena, kwamba mche fulani haukufaulu au umeuawa na baridi kali.

Walakini taratibu hii ina kasoro mbili. Kibao kikishafutwa, kosa la kunakili halina shahidi. Na jembe lilishikwa na watumwa, miongoni mwao Wormley Hughes, mkuu wa watunza bustani, ambao elimu ya mikono yao imeingia daftarini aghalabu bila majina yao. Anayetaka kuiga leo hahitaji pembe: kadi za plastiki zilizokwaruzwa kwa msasa laini hupokea penseli hata zikiwa na unyevu. Azitie namba, asizifute mpaka mavuno yapite, na katika jedwali aongeze safu ya jina la aliyepanda.